Wiki ya Likizo, Nyero

Jumatatu walikuja kumi na mmoja.
Karatasi ya wilaya ilisema arobaini,
lakini Agosti ni mwezi wa karanga,
na mama gani wa Kumi ataliacha shamba
ili mwanawe aende kuhesabu ndege?

Nilikuwa na filimbi, daftari,
na darubini yenye jicho moja zima.
Wenzake walitazama juu. Okurut hakutazama.
Alihesabu pimbi walioota jua jabalini,
akaja kuninong'oneza: "Kumi na saba,
na mmoja mgonjwa, kakaa peke yake."
Nikaandika. Fomu haikusema popote
kwamba kinachohesabiwa lazima kiwe na mabawa.

Kiswahili changu ni cha kambini.
Baba alikuwa polisi, Soroti, nyumba ya mabati namba tisa,
ukutani huku Mkakwa, ukutani huku Msoga,
nasi watoto uani tukirushiana lugha moja
kama mpira wa matambara.
Shuleni waliniambia hiyo ni lugha ya amri,
lugha ya kiboko na vizuizi vya barabarani.
Basi Jumanne niliposema, "Simameni mstari,"
wawili walishtuka kweli.
Nikaongeza: "Sasa uvunjeni mstari,
kila mtu apande anavyojua."
Wakacheka. Tukapanda.

Chini ya mwamba kuna maduara,
jekundu ndani ya jekundu ndani ya jekundu.
Mkono uliochora haukuacha jina.
Wageni huuliza ni miaka mingapi,
na mimi huwapa tarakimu, huridhika, hupiga picha.
Watoto waliuliza: alisimama juu ya nini
mpaka akafika pale?
Nilifungua mdomo, nikaufunga.
Okiror alisema, begani mwa kaka yake.
Amongin alisema ni jiwe lililotupwa majini,
na aliyechora alikuwa na kiu.
Kutoka nyuma sauti: "Ni chungu cha ajono
ukikitazama kutoka juu,
mirija imeshatolewa, wazee wamelala."
Hilo nalo niliandika.

Jumatano, kuvuta kamba. Ilikatika,
wakaanguka pande zote mbili,
kila upande ukadai umeshinda.

Alhamisi, mvua.

Ijumaa asubuhi, nyuma ya choo,
kwenye jiwe lisilo na kibao wala uzio,
nikakuta duara la mkaa.
Ndani yake duara.
Ndani yake vidoti kumi na saba,
na kimoja nje, pembeni.

Kanuni ya nne iko langoni, rangi nyeupe:
NI MARUFUKU KUCHORA.
Niliiandika mimi mwenyewe, brashi yangu, mwandiko wangu.
Nikachota maji. Nikamwita Okurut.
Hakukana. Tulichuchumaa tukasugua kwa magunzi,
na ule weusi ukateremka jiweni
ukaingia mchangani kimyakimya.

"Yule wa kule juu," akauliza, macho kwenye gunzi,
"alipomaliza, walimwambia afute?"

Miaka sita nimeongoza watu mahali hapa.
Najua wapi pa kukanyaga, wapi nyuki wamehamia,
wapi mwangwi hukurudishia jina lako likiwa limekosewa.
Nilisema, "Endelea kusugua,"
na sauti yangu ilikuwa ya baba
akiwa amechoka, kofia mkononi.

Jioni walikuwa ishirini na wanne.
Karanga zilikuwa zimeanikwa,
na habari ya kamba iliyokatika
ilikuwa imefika mpaka Ngora.
Walirudi nyumbani na vumbi la jabali magotini.

Kwenye ripoti kuna kisanduku: Uharibifu.
Nikaandika: hakuna.
Kuna kingine: Maswali yaliyobaki bila majibu.
Hapana, hicho hakipo; nilikichora mwenyewe,
kwa rula, chini kabisa ya ukurasa.

Kile kidoti cha pembeni sikukigusa.
Pimbi mgonjwa.
Mvua itajua la kufanya.