Hesabu ya Ukungu

Alfajiri, mto Androscoggin umejifunika ukungu
na mimi, ndani, nimekuja kuhesabu ukungu.
Kiswahili hakikuona haja ya majina mawili.
Nilipomweleza Doreen Thibodeau alicheka,
kisha akaliandika neno kwenye mlango wa friji.

Gramu moja ya bangi, kutoka banda la kioo huko Auburn,
lenye leseni, lenye stakabadhi,
lenye mkulima anayepiga simu kila saa.
(Kwetu mjomba alifungwa kwa misokoto miwili.)
Tumeisaga, tumeizimua mara kumi, mara mia,
tukaigawia sahani tatu.

Ya kwanza, viazi. Vya Aroostook, Doreen hupenda kudai,
ingawa unga umetoka koponi.
Hapa kila mtu hula: kuvu, hamira,
na yule mwenye manyoya ya kijivu
anayetambaa hadi kwenye kifuniko
akiwalalia jirani zake.

Ya pili ni ya waridi. Inaogopa mwanga;
tunaiweka ndani kama mwari.
Ina dawa inayowashika miguu watambaaji,
kwa hiyo koloni hubaki ndogo, zenye adabu.
Koloni. Siku hizi nalitamka bila kucheka.
Babu yangu alihesabiwa humo.

Ya tatu ina glisirini:
kwa jicho imelowa, kwa kuvu ni jangwa.
Huinuka waliozoea kiu.

Siku tano, nyuzi ishirini na tano.
Viazi: elfu kumi na moja na mia mbili.
Waridi: elfu nne na mia sita.
Glisirini: elfu saba na ushei.
Kikomo ni elfu kumi.

Ua ni lile lile.

Najua sahani atakayoipenda mkulima.
Lakini yupo mtu, simjui, labda anakaa Sabattus,
ametoka kwenye dripu ya saratani,
kinga yake imeisha kama kipande cha sabuni,
na jioni atawasha ua hili ili aweze kumeza mchuzi.
Pafu lake ni sahani gani?
Giza limo. Unyevu umo. Joto, thelathini na saba.

"Mwanakheri," anauliza Doreen, kalamu mkononi, "niandike ipi?"

Mkono mtupu haulambwi:
tusichokilisha hakitatuonyesha uso.
Navuta sahani ya viazi chini ya taa,
naigeuza kifudifudi,
naanza tena, nukta kwa nukta. Moja.
Mbili. Hii hapa, chini ya manyoya, sikuiona jana.