Nyumba Isiyosikia Mvua

Kontena hili lilibeba vigae, na kabla ya vigae sijui nini.
Lilishushwa yadini kwetu, kando ya reli ya Kibos,
mgongo una kutu, tumbo linanuka mafuta ya taa.
Shisia akashika grainda, cheche zikamparamia ndevu;
mimi nikashika chaki: mlango hapa, dirisha hapa,
hapa ukuta utakutana na ukuta wa mwenzake
kwa boliti kumi na sita, si kumi na tano,
maana Wekulo huzihesabu mwenyewe,
kwa kile kidole chake kilichopoteza ncha.

Sita zinakwenda Kalokol, ambako, asema dereva,
jua halichomozi: linafunguliwa, kama tanuri.
Mbili zinakwenda Kipini, ambako chumvi hula chuma
polepole, kama mtu anayetafuna njugu huku akiongea.
Za Kalokol tunazivika sufu ya mawe,
paa juu ya paa, upepo upite katikati.
Za Kipini tunazipaka zinki mara tatu,
hadi ndani ya matundu ya skrubu, kwa mswaki.
Mwenye mswaki ni mimi.

"Ajwang'," akasema Wekulo, "leo utalala namba nne.
Chukua kipimajoto. Andika kila saa."

Kwangu Obunga ni mabati matupu.
Mchana yanakaanga; usiku mvua ikinyesha
mimi na jirani tunaongea kwa mikono.
Namba nne nililala kama mgeni wa arusi,
godoro bado lina nailoni yake.
Saa tatu: ishirini na nne.
Saa sita: ishirini na nne.
Saa nane sikuandika kitu.

Asubuhi nikafungua mlango, yadi imekuwa bwawa.
Ndara yangu moja imeegemea geti,
ya pili sijaiona hadi leo.
Obuya mlinzi yuko juu ya pipa, redio kaikumbatia:
"Nimegonga huo mlango hadi kiganja kikavimba!
Mvua ya mawe usiku kucha! Ulikuwa umekufa?"

Sikusikia. Hata jiwe moja.

Wekulo akacheka, akaandika kwa herufi kubwa: IMEFAULU.

Lakini mimi ni mtoto wa Ombaka.
Mama alilala sikio moja likiwa macho.
Mto Nyando aliujua kwa kikohozi:
ukikohoa, geuka ubavu, lala;
ukinyamaza ghafla, beba mtoto, beba sufuria,
kuku watajijua.
Nilikuwa darasa la tano usiku uliponyamaza.
Mama alisikia kile kimya kabla ya mbwa.

Nikamwambia Wekulo: Kalokol kuna laga,
mto mkavu mwaka mzima, siku moja unaingia bila hodi.
Mlalaji atajuaje?
Akasema: "Mteja amelipia kimya."

Kweli kimya ni ghali, wala sitasema uongo:
usiku ule mmoja nilikionja,
nikaamka mashavu yamejaa,
mabega yamesahau kazi.
Ningeweza kukizoea. Hilo ndilo lililonitisha.

Basi Ijumaa, wenzangu wakiwa kwenye chai,
nikachukua mswaki na zinki iliyobaki,
nikaandika chini ya komeo la kila dirisha,
nyumba sita, mara sita, kwa mwandiko wa shule:
*Usiku acha wazi kidole kimoja.*
Shisia aliona. Akaniongezea rangi.

Lori liliondoka saa kumi,
namba nne nyuma kabisa, imefungwa minyororo,
inang'aa kama jino jipya.

Na usiku, mvua ikaja Obunga.
Ikaangukia paa langu lote, msumari kwa msumari.
Nikavuta blanketi, nikailaani,
nikaisikiliza.