Kopo Halirudi Tupu

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga.
Mtoto aliyechorwa ubavuni amefutika,
limebaki sikio na nusu ya cheko.
Kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na juu ya utepe, kwa kalamu nene,
mwandiko wa kijana wa dukani:
SWABRA, MJUKUU WA MASTURA, KAMPALA.
Kana kwamba Kampala ni nyumba moja
yenye mlango mmoja, nami nimeketi kizingitini.

Hutoka Arua jioni, mtaa wa Tanganyika,
likalala miguuni pa dereva,
likapita Nebbi, likapita Pakwach
ambako mto hunuka samaki hata gizani,
likavuka Karuma bila kuwaona nyani,
na alfajiri nalikuta stendi
lina joto la injini, kama mtoto aliyebebwa.

Ndani: ufuta na karanga, vimesagwa kwa jiwe,
mafuta yameelea juu, kina cha ukucha.
Siku nyingine angara, samaki mkavu,
harufu yake ikalijulisha bweni zima
kwamba mimi nina mtu.

Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu.
Basi nami hujaza: sukari, majani ya chai,
sabuni ya mche, vidonge vyake vya presha,
mara moja miwani ya kusomea
ingawa hasomi. Aliitaka ya kuchambulia mchele.

Mwezi wa mitihani sikuwa na shilingi.
Nikalitazama kopo, nalo likanisikiliza
kwa lile sikio lake moja.
Nikatia gazeti la juzi, nimelikunja, naona haya.
Siku ya tatu akapiga:
"Nimesomewa lote. Adrole wa jirani,
nilimpa chai, akasoma mpaka jua likatua.
Poleni kwa bei ya mafuta.
Halafu wanatafuta mtu wa kuchimba visima Mbarara,
mwisho Ijumaa. Umepeleka jina?"

Nilicheka mpaka mwenzangu akaamka.

Kisha nikaajiriwa. Wodi ya akina mama, zamu ya usiku.
Kopo likazidi uzito, mimi nikazidi ukimya.
Sukari kilo mbili. Fedha kwa simu:
mtambo humwandikia kwa Kiingereza
kiasi, tarehe, na salio,
naye humwita Adrole aje auseme ujumbe.
Mimi huku nahesabu: nimetuma, basi nimefika.

Juzi kopo lilikuja jepesi.
Nikadhani limefunguka njiani.
Mpira upo, mafundo mawili kama siku zote,
jina langu, Kampala nzima.
Nikafungua. Hamna.
Limesuguliwa kwa majivu, limeanikwa, linang'aa.
Mikono ikanilegea palepale stendi,
kati ya magunia ya muhogo na mtu anayeita Gulu, Gulu.
Mastura! Yeye wa "mkono mtupu haulambwi"!
Niliiona sanda kabla sijaipata namba yake.

Simu ililia mara nne. Ya tano:
"Ee, Swabra. Limefika?"
"Bibi, unaumwa?"
"Siumwi."
"Mbona tupu?"
Nikasikia kuku nyuma yake, na redio,
na yeye akivuta kigoda apate kukaa vizuri.
"Miezi mitatu nalijaza, hupigi.
Nikasema labda limejaa mno,
sauti haina pa kupita.
Haya, nieleze. Anza na miguu.
Bado inavimba ukikesha umesimama?"

Nikakaa juu ya gunia la mtu nisiyemjua.
Nikaanza na miguu.