Kokoto

Kibanda cha video cha Mchopa, Chikongola,
kiingilio mia mbili, benchi limelegea misumari.
Tulimwona mtu wa koti refu akiwasha sigara
kabla ya kumpiga risasi rafiki yake.
Mvua ilikuwa ikinyesha. Katika picha zile
mvua hunyesha kila anapokufa mtu.
Bakili akasema: sisi hapa tunaponzwa na jua.

Tulikuwa watatu.
Bakili, aliyejiita Bosi
na kulala barazani kwa shangazi yake.
Chinguile, bajaji ya mkopo, taa moja kengeza.
Na mimi, niliyejua kuhesabu.

Juu yetu Likapa, mzee wa kangomba,
anunuaye korosho zingali maua,
bakuli lake lina tumbo
kuliko bakuli la mtu yeyote Mtwara.
Bastola hakuwa nayo. Alikuwa na daftari.

Bakili alidaiwa laki nne.
Za nini? Viatu vyeupe,
na kreti za bia alizowanunulia watu asiowajua
siku moja, Magomeni, ili aitwe Bosi kwa sauti.
Waliita. Hata mimi niliita.

Likapa akasema: magunia matatu
ya ghala la chama, nikate jina.

Usiku wa kuamkia mnada tukaingia.
Mlinzi alikuwa amelala, au amelipwa,
sijui mpaka leo.
Tuliisukuma bajaji hadi kona ya pili
kimya, kama watu wanaopeleka mgonjwa,
tairi la nyuma likilia chini ya mzigo
na Bakili akilibembeleza: nyamaza, mama, nyamaza.

Uani kwa Likapa kisu kikapita gunia la kwanza.
Korosho, shibiri mbili.
Chini yake kokoto.
La pili, kokoto.
La tatu, kokoto, na kandambili moja ya mtoto,
ya kushoto, buluu.

Mtu alikuwa ameiba kabla yetu.
Mkulima, mpimaji, karani,
mtu mwenye subira na koleo,
akashona mdomo wa gunia vizuri kuliko fundi.
Nilitaka kucheka. Nilimtazama Likapa, nikameza.

Alituhesabu kwa kidole, taratibu,
kisha akauliza nani alitangulia kwenda kulichungulia ghala.

Chinguile alikuwa akiitazama bajaji yake.
Vijana wawili wa mzee walikwisha kuikalia.
Akasema: Bakili.
Hivyo tu, kama mtu anayetajiwa bei akaikubali.

Bakili akanigeukia mimi.
Nilikuwa naye juzi ile, nje ya ghala,
tukila mihogo ya kukaanga, tukihesabu milango.
Angalau kokoto hakuziweka yeye, hilo nililijua.
Nami, mjuzi wa hesabu, nikahesabu:
watatu, toa mmoja.

Walimwokota Mangamba asubuhi, hai,
viatu havipo, jicho la kulia limezimika.
Jua lilikuwa kali.
Watu walimzunguka wakiwa na miavuli ya jua
na muuza maji akafanya biashara.

Mimi walinifuata saa nane, nikiwa kwa Mchopa,
picha ileile, mvua ileile.
Kituoni sajini akanishika dole gumba,
akalizamisha kwenye wino, akalikandamiza.
Likatoka doa, duara jeusi,
halina mstari hata mmoja.

Akanitazama. Vidole umevifanya nini?

Nikamwambia: tulikuwa tukibangua, mimi na mama, Newala,
tangu nikiwa na miaka sita. Gunia kwa gunia.
Mafuta ya ganda yanakula ngozi.
Mama naye hana. Siku ya kura
huwa wanambishia.

Sajini alikaa kidogo.
Nje mtu alikuwa akipakua kokoto za barabara,
koleo, koleo, koleo.
Akageuza karatasi upande wa pili.

Weka tena, akasema.