Matangazo ya Saa Saba Kasorobo

Ami Aligula aliishika barua ya chuo kwa ncha za vidole
kama aliyekabidhiwa kuku wa jirani.
"Mawasiliano," akasoma. Akageuza karatasi,
labda nyuma kumeandikwa kazi.
"Miaka minne, ada, kodi ya chumba,
kwenda kujifunza kuongea?
Mama yako alikufundisha bure."

Nikaenda Maseno na swali lake mkobani.
Tukachora mishale: mtumaji, ujumbe, mpokeaji,
na katikati neno *kelele*,
mhadhiri akalipigia mstari mara mbili.
Kisha mvua ikashuka juu ya mabati, ikamfuta.
Dakika arobaini tulimtazama midomo.
Hilo ndilo somo nililolielewa kuliko yote.

Mwaka wa tatu, mazoezi ya kazi, Kakamega.
Redio iko ghorofani juu ya duka la mbolea,
kuta za studio ni trei za mayai.
Wakanipa kisichotakiwa na mtu:
matangazo ya vifo, saa saba kasorobo.
Jina, kijiji, aliowaacha, mazishi Jumamosi.

Siku ya pili karatasi ilisema Zablon Imbuhila.
Mimi nikasema Imbuhali.
Herufi mbili zimepishana mlangoni,
hila ikawa hali,
na simu ikalia kabla muziki haujatulia.
Sauti ya mwanamke, wala haikugomba:
"Binti, Imbuhali mzima. Yuko ng'ambo ya ua wetu.
Watu wameshaanza kumfikia na sukari na kuni.
Na mume wangu amelala hapa,
hajatajwa."

Nilirudi hewani.
Nikalisoma jina silabi kwa silabi
kama mtu avukaye mto kwa mawe.
Tangu siku hiyo, kila karatasi inayofika
naipigia simu kwanza: jina hili, nyumbani mnalitamkaje?
Hakuna mtihani ulioniuliza hivyo.

Wenzangu wametawanyika.
Odera yuko kampuni ya maji, Kisumu;
ndiye aandikaye "tunasikitika" kila mabomba yakikauka,
na mama yake, kule Manyatta,
humpigia picha ya ndoo tupu, bila neno.
Jerotich yuko hospitalini Nakuru. Aliondoa kibao
kilichosema "Zingatieni utaratibu uliowekwa,"
akaweka: "Anzia dirisha la kijani."
Foleni ikapungua. Hakuna aliyeuliza kwa nini.
Kuna anayeuza bima. Kuna mmoja hatumsikii tena,
sisi tuliosomea kusikilizana.

Mimi nilibaki juu ya mbolea.

Juzi ngazi zikalia, akaingia Ami, kofia mkononi.
Ng'ombe amepotea tangu Jumanne.
Akanisomea karatasi mbili, pande zote:
alivyomnunua, mama yake ng'ombe alivyokuwa,
jirani fulani asiyemtaja ila tunamjua.
Nilimwacha amalize.
Kisha nikauliza: pembe ipi imepinda?
Mara ya mwisho alionekana akielekea wapi?
Na akipatikana usiku, simu ya nani haizimwi?

Akafikiri. Akavua miwani.
"La kushoto," akasema. Halafu,
"Hayo sikuyaandika."

Tukayafanya sentensi tatu.
Akasikiliza nikisoma, kichwa ameinamisha
kuelekea spika, ingawa nilikuwa mbele yake.
Kisha akahesabu mia tano, moja moja,
akaziweka mezani,
akadai risiti.