V. Kuusk

Kompaila imekataa tena.
Mstari wa mia nne na kumi na mbili:
nilitarajia orodha ya T, inasema,
nimepewa orodha ya T.
Virve anacheka peke yake, saa nane usiku,
Tartu yote imelala chini ya theluji.

T si kitu. T ni fulani,
leo nambari, kesho neno,
na ni juu ya kompaila kumbashiri
kwa kutazama kinachoingia na kinachotoka,
kama sisi tunaposikia jikoni "kimevunjika!"
tukajua, kabla ya kutajiwa, kwamba mtungi umesalimika.

Siku ya tisa sasa.
Mteja wa Riga anapiga simu kila asubuhi,
mpole, jambo ambalo ni baya zaidi.
Virve akiitaja aina waziwazi, inatii.
Akiifuta, inasahau.
Ameipunguza programu nzima ya watu hadi mistari sita,
na humo kosa limekaa, limekunja nne.

Asubuhi anashuka kutupa taka.
Kisanduku cha barua: V. Kuusk.
Bahasha ya hospitali, anaichana akitembea.
*Kipimo cha moyo. Alhamisi. Usile.*
Moyo upi?

Ghorofa ya nne yupo Valdur,
somo yake kwa herufi na kwa ukoo,
fundi piano, soksi za rangi mbili.
Anapokea barua, anarudi ndani,
anatoka na fungu lake Virve: katalogi ya mbegu,
kadi ya dada kutoka Võru, bili tatu za umeme.
"Hizi nimeshalipa. Niliona zimezidi,
nikadhani nasahau kuzima taa."

Virve kimya kizingitini.
T wa nje. T wa ndani.
Kazi ndani ya kazi, kila moja na T wake,
na kompaila, kama tarishi mwenye haraka,
imeona herufi moja ikahesabu mtu mmoja.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:
kila T anayeingia apewe jina jipya mlangoni,
hata kama hakuna atakayemwita kwalo.
Majaribio elfu tatu yakapita.
Moja likagoma; hilo la wiki ijayo.

Alhamisi, ukumbi wa hospitali, harufu ya spiriti.
Valdur hajala, anapiga piano isiyokuwepo juu ya goti.
Nesi anachungulia karatasi yake:
"V. Kuusk?"
Wanasimama wote wawili.