Chupa Moja

Kila Agosti, vumbi la Isevya likishaingia hata kwenye chumvi,
nafungua stoo ya makumbusho yetu kwa funguo mbili
na kuutoa ule mviringo kitandani mwake,
kitanda cha fulana kuukuu.
Daftarini umeandikwa: magazini, duara, moja.
Bunduki yake haipo. Ilichukuliwa, au iliuzwa, au ilizama Igombe;
kila anayeuliza nampa jibu analolitaka.
Kimebaki hiki tu, kizito kama kibuyu cha asali.
Watoto wa shule huuliza kama ni saa, kama ni mita ya maji.
Mmoja wa Ng'ambo alisema: hii ni ngoma.
Sikumsahihisha.

Koplo Kasanda ndiye aliyenifundisha.
Alikuwa amestaafu na kidole gumba kilichopinda,
akinuka mafuta ya taa hata siku ya Idi.
"Kwanza mlegeze," alisema. "Springi iliyokazwa haisahau,
na wewe utakuwa umesahau."
Nikazungusha kinyume, nikihesabu: ka, ka, ka,
meno kumi na moja, na kwenye la kumi na mbili
chuma kikashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu.

Pamba kavu. Halafu pamba yenye mafuta ya taa.
Halafu subira, ambayo haiuzwi hata dukani kwa Kachwele.
Kutu ya Tabora haina haraka: huja na masika,
hujikunyata chini ya skrubu,
hungoja kiangazi ipate vumbi la kushirikiana nalo.

Mwaka wa kwanza nilimimina mafuta kama anayekaanga vitumbua.
Koplo alitazama, akaenda zake kunywa chai.
Wiki mbili baadaye tukafungua:
mafuta na vumbi vimefunga ndoa,
uji mweusi, mzito, springi imekwama nusu ya safari.
"Umemlisha," alisema, "sasa amevimbiwa."
Matone matatu. Moja kwenye ekseli. Moja kwenye springi.
La tatu alilipaka kwenye kile kidole chake
na hakueleza.

Mafuta yenyewe ni ya cherehani. Chupa ni ya mama,
mdomo wake mwembamba kama wa ndege chozi.
Huniazima kwa masharti: irudi kabla ya saa kumi,
sare za watoto wa Cheyo zinangoja.
Siku nilipomwambia ni ya nini, mguu wake ulisimama kwenye pedali.
Kaka yake Mihayo aliondoka stesheni hii hii
wakati wa vita vya Kagera, akapunga kofia dirishani,
akarudi akiwa barua yenye muhuri.
Mama hakusema kitu.
Aliitikisa chupa karibu na sikio, akapima kilichobaki,
akanipa.

Mwaka huu nimekuta nyigu amejenga ndani,
pale mdomoni, risasi zilipokuwa zikipanda moja moja:
vyumba vinne vya udongo mwekundu,
vitatu vitupu,
kimoja bado kimezibwa.
Kanuni inasema nikwangue.
Koplo hayupo wa kuulizwa, tulimzika Machi;
bisibisi yake ndiyo hii.
Nikasafisha upande wa pili. Nikakipaka kifuniko nta ya nyuki,
nta ya Sikonge, ya njano, yenye harufu ya miombo,
nikasugua mpaka taa ikaonekana humo, na pua yangu.
Nani mwingine hulipwa mshahara
ili kitu kikae tayari kwa kazi ambayo kila mtu anaomba kisiifanye?
Tone ekseli. Tone springi, upande usio na mpangaji.
La tatu nililiacha chupani.

Daftarini nikaandika:
Imefunguliwa. Imelegezwa. Ni tupu.
Nikalikata hilo la mwisho,
nikatafuta neno, sikulipata,
nikageuza funguo zote mbili na kukimbia.
Ilikuwa saa kumi kasorobo.